Vitabu kuhusu India: tunayoambiana na yaliyomo ndani

Wengi wetu India tumeijua kwa filamu, kwanza za Amitabh halafu za Shah Rukh, sikuhizi tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, na hakuna ubaya wowote, ila mtu akishaangalia sana anaanza kuongea kama amesoma. Na hata waliosoma kidogo, mara nyingi wanachorudia ni kitu kilichoandikwa London miaka 200 iliyopita na wao hawajui. Mimi hivi vitabu ndo ugonjwa wangu, vya maprofesa na vile vya kawaida vya kusoma kitandani, na kila nikivitaja nakutana na maneno yaleyale. Ngoja niyapitie, mengine kwa kirefu, mengine juu juu tu.

"Wahindi hawakuandika historia yao, waliandikiwa na Waingereza."

Hili ndo kubwa kuliko yote na mwenye nalo anajulikana. James Mill, mwaka 1817, alitoa kitabu kinene cha historia ya India chini ya Waingereza. Jamaa hakuwahi kukanyaga India hata siku moja, Kisanskriti hajui, Kiajemi hajui, lugha yoyote ya kule hajui, na kwenye utangulizi wala haoni haya, anasema mtu akijifungia chumbani Uingereza mwaka mmoja na makaratasi ataijua India kuliko aliyekaa kule umri wake wote akitumia macho na masikio. Sasa kitabu hicho ndo kikawa cha kufundishia Haileybury, chuo walichopitia vijana wa kampuni ya East India kabla ya kupelekwa kutawala, na Mill mwenyewe 1819 akapata kazi kwenye kampuni hiyohiyo. Ule mgawanyo wa India ya Wahindu, kisha ya Waislamu, kisha ya Waingereza ni wa kwake, na uangalie vizuri, vipindi viwili vya kwanza vimeitwa kwa dini ila cha tatu hakikuitwa cha Wakristo. Romila Thapar na wanahistoria wenzake wa Delhi wameupiga vita tangu miaka ya 1960 lakini bado upo vichwani mwa watu mpaka kesho.

Na historia zilikuwepo. Kashmir, mwaka 1148, bwana mmoja anaitwa Kalhana alianza kuandika Rajatarangini, habari za wafalme wa Kashmir kwa mashairi ya Kisanskriti, beti karibu 8,000. Anaeleza kabisa alivyofanya: amepitia kazi 11 za waliomtangulia, amesoma maandishi ya kwenye mahekalu na hati za kugawa ardhi, na anasema mwandishi wa kusifiwa ni yule anayesimulia yaliyopita kama hakimu, bila mapenzi wala chuki. Sio kwamba yote aliyoandika ni sahihi jamani, huko mwanzo kuna mfalme anamhesabia miaka 300 ya kutawala! Ila akikaribia enzi zake mwenyewe mkono unabadilika, mfalme Harsha ambaye baba yake Kalhana alikuwa mtumishi wake anaandikwa wazi wazi kwamba alipora mahekalu apate hela. Hapo nakubali kitu kimoja, Al-Biruni, msomi Mwislamu kutoka Asia ya Kati aliyejifunza Kisanskriti akaandika kuhusu India karibu mwaka 1030, naye alilalamika kwamba Wahindi hawajali kupanga matukio kwa mfuatano, kwahiyo lawama hii haikuanza na Mill, ila Al-Biruni angalau alienda na akajifunza lugha.

Halafu kuna Gulbadan Begum, binti wa Babur, mfalme wa kwanza wa dola ya Mughal, aliyeandika habari za kaka yake mfalme Humayun kwa ombi la Akbar, mtoto wa Humayun. Ni historia ya ikulu kutoka upande wa wanawake, nani kaoa, nani kafiwa, nani kapotea njiani kwenye kukimbia vita. Nakala inayojulikana ni moja tu, ipo maktaba ya taifa ya Uingereza, na inakatika ghafla katikati ya habari ya Kamran, ndugu yao, kutobolewa macho. Hapo hapo, karatasi inayofuata haipo. Mimi kila nikifika pale huwa nakasirika kama vile umeme umekatika dakika ya 89.

"Kama Sutra ni kitabu cha mikao."

Haya, tucheke kwanza tumalize. Kazi ya Vatsyayana ina vitabu saba ndani yake, na mambo ya kitandani kwa maana hiyo yapo kwenye kimoja, cha pili. Vingine ni kutafuta mchumba, maisha ya mke nyumbani, wake za watu, makahaba wa daraja la juu na jinsi wanavyopanga mapato yao, na mwishoni kabisa madawa. Kwa mtu wa historia ya jamii sehemu tamu ni ile ya mwanzo inayoeleza kijana wa mjini mwenye pesa anavyoishi, chumba chake kina nini, kinanda cha nyuzi kinaning'inia ukutani, kuna kitabu cha kusoma, nje kuna vizimba vya ndege na bembea, anaoga kila siku, anapiga mswaki, anajipaka manukato, mchana anamfundisha kasuku kuongea. Orodha ya sanaa 64 ambazo mwanamke anashauriwa kuzijua ina useremala, vitendawili na hata kupiganisha majogoo.

Sasa kwanini tunajua mikao tu? Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka 1883 iliuzwa kwa siri kwa wanachama ili kukwepa sheria za Uingereza za wakati ule, na jina lililoibeba ni la Richard Burton, ndiyo, huyuhuyu aliyefika Ujiji na Speke Februari 1858. Kazi kubwa ya kutafsiri aliifanya Bhagwanlal Indraji, msomi wa Kigujarati, akisaidiwa na mwanafunzi mmoja, Shivaram Parashuram Bhide, lakini muulize mtu yeyote kama amewahi kuyasikia majina hayo.

"Matabaka yamekaa vilevile miaka elfu tatu, yameandikwa kwenye kitabu cha sheria na watu wanafuata."

Kitabu wanachokisema ni Manusmriti. Kipo, ni cha zamani, na kina maneno mabaya sana kuhusu watu wa chini na wanawake, Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa kwenye tabaka la chini kabisa, alikichoma hadharani mjini Mahad tarehe 25 Desemba 1927 na alikuwa na sababu zake. Ila kudhani kwamba kila kijiji India kiliishi kwa kitabu hicho ni jambo lingine. William Jones, jaji wa Calcutta, ndiye aliyekitafsiri kwa Kiingereza, kikatoka 1794, maana Waingereza walitaka kitabu kimoja cha kuhukumia Wahindu mahakamani, na kitabu ambacho kilikuwa kimoja kati ya vingi kikapandishwa cheo. Baadaye zikaja sensa, watu wakatakiwa waseme tabaka lao liandikwe, na 1901 wakajaribu hata kuyapanga kwa heshima nani juu nani chini, basi vyama vya matabaka vikaanza kutuma maombi vipandishwe.

Lakini usiruke upande wa pili sasa. Kuna watu wakishasoma hayo wanasema Waingereza ndo waliotengeneza matabaka, na huo nao ni uongo, ubaguzi ulikuwepo na watu waliuandika na kuulalamikia karne nyingi kabla. Walichofanya wakoloni ni kuyagandisha na kuyapa karatasi, na wasomi wanabishana mpaka leo kwa kiasi gani.

Ukitaka kuona tabaka linavyofanya kazi kijijini, sio kwenye kitabu cha sheria, msome M. N. Srinivas, mwanaanthropolojia. Mwaka 1948 alikaa Rampura, kijiji cha Mysore, akaandika kila kitu, na alichokikuta ni kwamba mwenye nguvu pale hakuwa Brahmin, yaani tabaka la makuhani, bali wakulima wenye ardhi, ndo walioamua ugomvi, ndo waliokopesha. Akaendelea kuzipanga zile notisi miaka mingi. Aprili 1970 akiwa Stanford, Marekani, ofisi zao zikachomwa moto na nakala zote tatu za notisi alizozipanga zikaungua. Zote tatu alikuwa ameziweka sehemu moja, hebu fikiria. Akashauriwa aandike kwa kumbukumbu, akaandika, kikatoka 1976 na jina lake The Remembered Village. Nadhani ule moto ulitufaidisha sisi wasomaji, majedwali yaliungua wakabaki watu: mkuu wa kijiji na roho yake, wazee wanaopiga soga, harufu ya mavuno. Kuna maprofesa hawakukipenda kwa sababu hiyohiyo.

Na Ambedkar mwenyewe msome, ni mfupi na hana maneno ya kuzunguka. Mwaka 1936 chama kimoja cha Lahore cha kupinga matabaka kilimwalika ahutubie, wakaona hotuba kabla, wakataka apunguze makali, akakataa, wakafuta mkutano. Yeye akaichapisha kwa hela yake, nakala 1,500, ndo Annihilation of Caste. Gandhi akaandika kuijibu gazetini kwake na, pamoja na mambo mazito yote, akaona amwambie pia kwamba bei ya ana 8, yaani nusu rupia, ni kubwa, ashushe iwe 2 au basi 4. Toleo lililofuata Ambedkar akaweka ndani maneno ya Gandhi na majibu yake.

"Uislamu India uliingia kwa upanga."

Hapa watu wanapandisha sauti, na nashangaa kwasababu jibu lipo kwenye ramani tu. Watawala Waislamu walikaa Delhi na Agra karne na karne. Kama upanga ndo ulisilimisha, basi Waislamu wengi tungewakuta pale kwenye majeshi. Sensa ya 1872 ikafanyika na maofisa wakabaki midomo wazi, kumbe Waislamu wamejaa Bengal mashariki, kwenye vinamasi na mito, mbali kabisa na makao ya dola, wakulima wa mpunga. Mwanahistoria Richard Eaton akaandika kitabu kizima juu ya Bengal, 1993, akafuatilia hati za ardhi za enzi za Mughal. Kwa kifupi, mito ilihamia mashariki, misitu ikawa inafyekwa, serikali ikawapa watu ardhi bila kodi wafyeke na walime, wengi wa waliopewa walijenga msikiti mdogo pale shambani, na wenyeji waliokuja kufanya kazi, ambao Uhindu wenyewe ulikuwa haujawashika sana, wakaingia taratibu kizazi baada ya kizazi, jembe na msikiti vikienda pamoja. Sisemi hakukuwa na vita wala mahekalu kuvunjwa, vilikuwepo na Eaton huyohuyo ameviorodhesha. Ila kuvunja hekalu la mfalme adui ni kitu kimoja na kusilimisha mamilioni ni kingine.

"Waafrika kule walikuwa watumwa tu basi."

Malik Ambar alizaliwa Ethiopia karibu 1548, akauzwa zaidi ya mara moja, akapitia Baghdad, akafika Deccan, nyanda za juu za kusini mwa India, na kununuliwa na waziri mkuu wa usultani wa Ahmadnagar ambaye naye alikuwa Mhabeshi. Kuanzia 1600 mpaka anakufa 1626 yeye ndo alikuwa anaendesha ule usultani, akawasumbua Mughal kwa vita vya kuvizia, akajenga mji wa Khadki, uliokuja kuitwa Aurangabad, na mfumo wake wa maji. Mfalme Jahangir alimchukia kiasi kwamba alichorewa picha amesimama juu ya dunia anakitupia mishale kichwa cha Ambar kilichotundikwa kwenye mkuki. Kwenye picha tu lakini, maana maisha halisi hakumpata. Ipo makumbusho ya Chester Beatty, Dublin. Eaton, huyohuyo tena, ana sura nzuri juu yake kwenye kitabu chake cha watu wanane wa Deccan.

Na kwetu huku yupo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani mpaka India, akaachwa huru bwana wake alipokufa, akarudi Zanzibar, halafu akawaongoza Burton na Speke kwenda Tanganyika. Yeye na Speke walikuwa wanaelewana kwa Kihindustani! Katikati ya Unyamwezi.

"Wahindi wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa wajenzi wa reli."

Wachache. Walioletwa kujenga reli kutoka Mombasa, 1896 mpaka 1901, walikuwa kama 32,000, wengi kutoka Punjab, na waliobaki ni kama 6,700, wengine walirudi kwao na zaidi ya 2,000 walifia kazini. Wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa Zanzibar zamani sana kabla ya hapo, ushuru wa forodha wa Sultani ulikuwa unakusanywa na nyumba ya Jairam Shivji, na akina Tharia Topan walishakuwa matajiri wakubwa kabla chuma cha kwanza hakijalazwa. Kitabu cha kuanzia ni cha J. S. Mangat cha 1969, cha kisomi kidogo, kikavu, ila hakina porojo.

"Kitabu cha Wendy Doniger kilipigwa marufuku na serikali ya India."

Hapana. Doniger ni profesa wa Marekani na kitabu chenyewe ni The Hindus: An Alternative History. Kilikuwa na kesi ya watu binafsi waliosema kinaukashifu Uhindu, na Februari 2014 wachapishaji wake, Penguin, wakaamua wenyewe kuyamaliza nje ya mahakama, wakakubali kukitoa sokoni na kuziharibu nakala zilizobaki. Hakuna jaji aliyekihukumu. Mara ghafla kila mtu anakitaka, na 2015 mchapishaji mwingine wa huko huko India, Speaking Tiger, akakitoa tena. Kina makosa humo ndani, wasomi wengine wameyataja, na kina kurasa zaidi ya 700, kwahiyo wengi wanaokigombania sidhani kama walifika mwisho.