Mfinyanzi Mwingi Si Sifa ya Tofali

Anayeanza kufyatua matofali huusaka udongo unaonata kuliko wote. Akiupata ule unaong'ang'ania jembe, anaona kazi imekwisha. Mimi nikiuona huo huuliza kwanza mchanga tutautoa wapi.

Mfinyanzi, yaani huo udongo unaonata, ndio unaoshika tofali, ila hunywa maji ukavimba, na ukikauka husinyaa. Tofali la mfinyanzi mtupu hupasuka kabla halijaonja moto. Mchanga hausinyai, ndiyo mifupa ya tofali. Ukizidi nao, kona zinamomonyoka mkononi.

Kwa hiyo pima. Fukua udongo wa juu wenye mizizi na mboji, uchukue wa chini yake. Tia kwenye chupa inayoonyesha ndani hadi theluthi, jaza maji, tikisa, iache. Mchanga hutuama ndani ya dakika moja au mbili. Mfinyanzi huja mwisho, pengine hata kesho yake maji bado yana ukungu. Tabaka lake likiwa limelowa huonekana nene kuliko lilivyo, ndiyo maana siiamini chupa peke yake.

Ninachokiamini ni kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta ndani, shindilia udongo uliokandwa vizuri, usawazishe, uuache ukauke kabisa. Kisha usukumie upande mmoja na upime pengo. Likiwa sentimita 3, udongo umesinyaa kwa asilimia 5, na kalibu yako, fremu ya kufyatulia, lazima iwe kubwa kuliko tofali unalolitaka angalau kwa kiasi hicho. Nyufa nyingi? Ongeza mchanga, rudia.

Kukausha ni kivulini, polepole, ukiyageuza. Jua kali hukausha ngozi huku ndani kukiwa kubichi.

Tanuruni, moto wa mwanzo uwe mdogo mpaka mvuke uishe, la sivyo maji yaliyobaki yatalipasua tofali. Baadaye panda hadi nyuzi 900 au 1,000 za Selsiasi. Wakati wa kupoza usiwe na papara ya kufungua: karibu na nyuzi 573 chembe za kwatsi, madini magumu yaliyo kwenye mchanga, hubadili umbo ghafla, na tofali linalopoa haraka hupata ufa.

Ukiona vijiwe vyeupe vya chokaa kwenye udongo, vichekeche au tafuta shimo jingine. Moto huvigeuza chokaa hai, na siku tofali likipata unyevu vinavimba na kulibandua vipande, hata kama ukutani limeshapigwa plasta.