Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba kongwe za Lamu ni vyembamba?

Ukiingia katika nyumba ya mawe ya karne ya 18 mjini Lamu, kama ile iliyofanywa makumbusho ya nyumba ya Kiswahili, utashangazwa kwanza na umbo la vyumba. Ni virefu, lakini upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Unatoka ukuta hadi ukuta kwa hatua tatu au nne tu. Msana wa tini (ukumbi wa kwanza), msana wa yuu (ukumbi wa pili), kisha ndani (chumba cha faragha): vimelala sambamba, kimoja nyuma ya kingine, vyote kwa wembamba unaokaribiana.

Kwa muda mrefu niliamini, na nikawaambia wageni, kwamba sababu ni uhaba wa ardhi. Mji umebanana, vichochoro vinapitisha punda kwa shida, basi vyumba navyo vikabanwa. Maelezo haya yanakubalika upesi, ndiyo maana bado yanarudiwa. Lakini kama ardhi ingekuwa sababu, chumba kingebanwa pande zote mbili. Mbona urefu umeachiwa huru?

Tena tazama Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman huko Kilwa Kisiwani. Lilijengwa nje ya mji, juu ya genge linalotazama bahari. Sultani alikuwa na nafasi ya kutosha na mali ya biashara ya dhahabu. Alijijengea nyua kubwa na birika la kuogelea lenye pembe nane. Vyumba? Vyembamba vilevile. Aliyeweza kumudu birika lile hakushindwa kununua mita mbili za ardhi.

Jibu liko juu ya kichwa chako. Inua macho uone boriti, miti ya mikoko iliyopangwa toka ukuta hadi ukuta kama chaga za kitanda. Juu yake yamelazwa mawe ya matumbawe, kisha kifusi na chokaa vikashindiliwa. Dari hii ni nzito mno, na uzito wote unabebwa na miti ile.

Sasa chukua fimbo nyembamba, ishike ncha mbili, mtu aibonyeze katikati. Ikiwa fupi, haijali. Chukua ya unene uleule lakini ndefu maradufu: inapinda kama upinde. Boriti iko hivyohivyo. Ukiongeza upana wa chumba mara mbili, bila kubadili unene wa mti wala dari, kila boriti inabeba mzigo maradufu, lakini kupinda kwake kunazidi si mara mbili wala nne, bali mara 16. Mkoko ni mti mgumu na wadudu hawaupendi, ila unene wake una kikomo. Wafanyabiashara wa miti huipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Fundi alijua boriti yake inavumilia wapi, na hapo ndipo alipoweka ukuta.

Urefu wa chumba hauna shida hiyo. Ukitaka kitanda kirefu, unaongeza chaga. Ukitaka chumba kirefu, unaongeza boriti pembeni ya boriti.

Boriti haielezi kila kitu, lakini. Mpangilio wa vyumba kutoka penye wageni hadi ndani kabisa ni suala la heshima na faragha ya familia, na vichochoro vina sababu zake, kivuli kikiwemo. Wala si kila chumba kilifikishwa kwenye kikomo cha mti.

Waliohitaji upana walitafuta njia nyingine. Katika Msikiti Mkuu wa Kilwa utakuta ukumbi mpana uliojaa nguzo, maana paa lilihitaji pa kutua kila baada ya hatua chache. Nyumba za makuti zina paa jepesi, hazidaiwi hayo. Na Beit el-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mjini Zanzibar mwaka 1883, ilipata kumbi na roshani kubwa kwa msaada wa chuma kilicholetwa kwa meli.

Ukifika Lamu, simama katikati ya chumba cha ndani, mbele ya zile zidaka (vishubaka vya ukutani) za lipu iliyochongwa, kisha tazama juu. Fuata boriti moja kutoka ncha hadi ncha. Urefu wake ndio upana wa chumba.