Je, wajua kwa nini mnazi mfu huhatarisha mnazi mzima?

Mnazi uliokufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea huweza kubaki umesimama shambani muda mrefu, hauna kilele, hauna kuti. Watu wengi wa Pwani huuacha hivyo hivyo, maana kuukata ni gharama, na mti mfu, wasema, hauli kitu. Hauli kweli, lakini unalea. Gogo linalooza ndimo chonga anamotaga mayai.

Chonga ni yule mdudu mkubwa mweusi, mwenye pembe moja, anayejigonga kwenye taa ya barazani usiku. Buu lake ni nene na jeupe, nalo halina kosa lolote kwa mnazi: hula uozo tu. Kwa wadudu wengi watoboao miti, buu ndilo mharibifu. Hapa mharibifu ni mzazi. Akikomaa huruka hadi mnazi mzima, hujipenyeza kwenye makuti machanga na kutoboa kuelekea shaha, yaani moyo laini wa kilele cha mnazi, akinywa utomvu. Nyuzi alizozitafuna huzisukuma nje ya tundu.

Kuti lililotobolewa likiwa bado limejikunja hufunguka na mapengo ya herufi V pande zote mbili, kama karatasi iliyokunjwa ikakatwa kwa mkasi. Ila hayo ni ya zamani, mdudu huenda alishaondoka. Nyuzi mbichi zilizotokeza ndizo za kuzitazama.

Mwembe ukikatwa kichwa huchipua ubavuni. Mnazi una chipukizi moja tu, juu kabisa, na chonga akilifikia, mti umekwisha. Minazi mikubwa mara nyingi huponea, ikapungua kuzaa. Michanga ndiyo hufa.

Kunyunyizia dawa kwa nje hakusaidii sana, maana mdudu yuko ndani. Mkwezi humtoa kwa waya wenye ncha ya kulabu, na wengine hujaza mchanga kwenye makwapa ya makuti asipate pa kuingilia. Kwa minazi michache ya uani inatosha. Kwa shamba zima utalipa wakwezi mpaka uchoke. Mimi ningeanza chini: angusha mnazi mfu, pasua gogo ulichome, kisiki nacho king'olewe. Lundo la samadi lipinduliwe mara kwa mara, kuku watayamaliza mabuu. Na kama jirani ana minazi mifu, semezaneni mkate pamoja, kwani chonga huruka.