Rufaa ya "Stepsi" Haipokelewi: Tuelewane Kuhusu Kanuni za Kikapu

Malalamiko yanayofika kwa kamati za waamuzi wa mpira wa kikapu baada ya mechi yanazidi kuongezeka, na mengi ni yale yale: refa kafumbia macho stepsi (kutembea na mpira mkononi kupita hatua zinazoruhusiwa), refa kawapa wapinzani mitupo ya bure. Tunaamini wanaoyaleta wanaupenda mchezo. Thamani ya vikapu na idadi ya wachezaji tunachukulia kila mtu anaijua, kwa hiyo tuingie moja kwa moja kwenye yanayozua ugomvi.

Anayedaka mpira huku anakimbia, au anayemaliza kudunda, ana haki ya hatua mbili za kusimama, kutoa pasi au kurusha. Mguu uliokuwa tayari chini wakati anaudhibiti mpira hauhesabiwi. Hivyo ndivyo kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la kikapu, zinavyosema tangu Oktoba 2017. Jukwaa linalopiga kelele "moja, mbili, tatu!" kwa kawaida limeanza na mguu ambao refa hapaswi kuuhesabu. Hili limeelezwa mara nyingi mno. Ila anayedaka akiwa mbioni na anataka kudunda lazima mpira umtoke mkononi kabla ya hatua ya pili. Aliyesimama ana masharti makali zaidi: haruhusiwi kuinua mguu wa egemeo, ule anaouzungukia, kabla hajauachia mpira kwenda kudunda. Vijana wengi wanakamatwa hapo, wanapochomoka ghafla kumpita beki. Adhabu yake ni mpira kwa wapinzani kutoka nje ya mstari, faulo haiandikwi.

Beki halazimiki kusimama kama nguzo. Akishajiweka mbele ya mshambuliaji, miguu yote miwili chini na uso kwa uso, anaweza kusogea pembeni au kurudi nyuma, hata kuruka wima. Akigongwa kifuani katika hali hiyo, faulo ni ya mshambuliaji.

Faulo za timu zinahesabiwa kwa kila robo ya dakika 10. Kuanzia ya tano, aliyefanyiwa faulo anapewa mitupo miwili hata kama hakuwa anarusha. Faulo ya mchezaji ambaye timu yake ndiyo yenye mpira haileti mitupo. Wapinzani wanapewa mpira tu. Muda wa nyongeza, dakika 5, unaendeleza hesabu ya robo ya nne, haianzi sifuri. Mchezaji akifikisha faulo tano anatoka na harudi. Faulo mbili za ufundi (za utovu wa nidhamu, bila kugongana), au mbili zisizo za kiungwana, au moja ya kila aina, zinamfukuza.

Saa ya mashambulizi, ile ya sekunde 24 ambazo timu inapewa kurusha mpira kikapuni, nayo inalalamikiwa bure. Mpira uliogusa ubao tu bila ringi haubadilishi saa. Ukigusa ringi na washambuliaji wakaudaka tena, wanapewa 14, si 24.

Sasa rufaa, ambayo watu wanaifikiri kuwa ni barua ya hasira. Inapokelewa kwa sababu chache tu: kosa la kuandika pointi, la muda au la saa ya mashambulizi ambalo halikusahihishwa, uamuzi wa kuahirisha, kufuta au kutoendeleza mechi, au wa kuipa timu ushindi wa mezani, na mchezaji asiyestahili kucheza. Ushindi wa mezani ni 20 kwa 0, kwa mfano timu isipokuwa na wachezaji watano tayari dakika 15 baada ya muda uliopangwa. Kama refa ameona stepsi au hakuona, huo ni uamuzi wake wa uwanjani, na video ya simu haitaugeuza kuwa sababu ya rufaa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ndani ya dakika 15 baada ya mechi, nahodha anamjulisha mwamuzi mkuu na kusaini karatasi ya mechi kwenye nafasi ya rufaa. Sababu zinaandikwa na kuwasilishwa ndani ya saa moja tangu mechi iishe. Ada hufuata kanuni za mashindano husika, kwa hiyo zisomwe kabla ya ligi kuanza. Anayesaini ni nahodha, si kocha, wala meneja, wala mlezi wa timu. Madai mengine yana msingi kabisa lakini yanafia hapo, kwa sababu nahodha alishapanda basi wakati kocha bado anabishana na maafisa wa meza.