Magimbi yenu ni ya aina ngapi?

Watu wa visiwa vya Pasifiki wakitaka kujua zao gani jipya litaongeza chakula bustanini, huwa nawauliza kwanza kuhusu walichonacho. Bustani yenye magimbi, viazi vikuu, migomba na mishelisheli huonekana imechanganyika vya kutosha. Ila magimbi yote yakiwa ya aina moja, ugonjwa mmoja unatosha kuyafagia.

Samoa yalitokea hayo mwaka 1993. Baka la majani, ugonjwa wa magimbi, liliingia likakuta mashamba yamejaa aina moja iliyopendwa sokoni, isiyostahimili ugonjwa huo. Gimbi hupandwa kwa kipando, kwa hiyo kila shina ni nakala ya lile lililotangulia, pamoja na udhaifu wake. Biashara ya kuuza nje ikaporomoka. Nafuu ilikuja baada ya magimbi ya Pasifiki kuzalishwa kwa kuchanganywa na ya Asia, huku wakulima wenyewe wakipima, wakionja na kukataa yasiyofaa. Ndiyo maana nasema tengeni tuta la kuhifadhi vipando vya aina nyingi, hata zile zisizo tamu sana.

Baada ya mbegu, udongo. Zamani shamba lilipumzishwa miaka mingi, msitu ukairudishia ardhi rutuba. Siku hizi mapumziko ni mafupi, basi kazi ya msitu lazima ifanywe na mtu: panda mistari ya glirisidia, mti wa jamii ya kunde, kata matawi yake, yatandaze kati ya mazao. Majani hayo yana naitrojeni na hufunika ardhi isikauke. Kwenye visiwa vya matumbawe, mchanga una chokaa nyingi hadi mimea inashindwa kufyonza madini ya chuma, majani yanapauka. Wakulima wa Kiribati wana jibu lao la kale: huchimba mashimo hadi karibu na maji ya ardhini yasiyo na chumvi, wakapanda babai, aina ya gimbi kubwa la majimaji, na kuilisha majani makavu. Kwa maoni yangu hilo linastahili kuendelezwa kuliko magunia ya mbolea yanayongoja meli. Hatari yake ni maji ya bahari kuingia shimoni.

Na kimbunga? Kikitangazwa, punguza vilele vya mihogo ili upepo usiing'oe. Weka pia marando ya viazi vitamu mahali palipokingwa. Baada ya dhoruba ndiyo ya kupanda kwanza: viazi vyake hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne hivi, na majani yake huchumwa mapema zaidi.