Mchungaji Anayemuuguza Mwenzi Wake

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kuwashauri wachungaji wenzangu, na katika yote wanayoniletea, hakuna linalosemwa kwa aibu kubwa kuliko hili: mke au mume anaugua sana, na kanisa bado linangoja mahubiri ya Jumapili. Wengi huanza kwa kuomba radhi, kana kwamba kuuguza ni utoro kazini. Ninawaelewa, kwa sababu nilikuwa mchungaji wa usharika wakati figo za mke wangu ziliposhindwa kufanya kazi.

Kusafisha damu kwa mashine kuna ratiba yake, nayo haisubiri kalenda ya kanisa. Kwa kawaida mgonjwa huunganishwa na mashine mara 3 kwa juma, kila mara kwa takribani saa 4, na mara nyingi akitoka hapo mwili huwa umelegea kiasi kwamba siku nzima imekwenda. Zamu za mke wangu zilikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumanne tulikuwa na kikao cha wazee wa kanisa, Alhamisi maombi, na Jumamosi ilikuwa siku ya harusi na mazishi, ambayo usiku wake ndio wa kumalizia mahubiri. Miezi ya mwanzo nilijaribu kushika vyote. Nilimwacha mlangoni, nikakimbilia makaburini, kisha nikarudi nimechelewa na kumkuta ameketi kwenye benchi, bandeji ikiwa bado mkononi. Hakulalamika, nami nikakichukua kimya chake kuwa ni ruhusa. Nilikosea sana.

Upendo nilikuwa nao. Kilichopotoka ni theolojia yangu. Nilikuwa nimeyapanga mambo kwa ngazi, Mungu juu, kanisa likifuata, nyumba ikiwa chini ya kanisa, hivyo kila kanisa lilipoita niliamini kwamba Mungu ndiye anayeita. Lakini katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka iliyowekwa wakfu kwa Mungu, na kwa njia hiyo wakajiondolea wajibu wa kuwatunza baba na mama. Walimtolea Mungu kile ambacho tayari kilikuwa haki ya mtu mwingine. Saa za mchungaji nazo zaweza kugeuzwa Korbani, na kanisa likazipokea kwa shukrani bila kujua zimetolewa wapi. Tena onyo la 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani, limo katika waraka aliopelekewa kiongozi wa kanisa.

Historia ya kanisa ina mifano ya pande zote mbili. William Carey, mmisionari Mwingereza aliyesafiri kwenda India mwaka 1793, aliendelea kutafsiri Maandiko huku mkewe Dorothy akiwa amevurugikiwa akili kufuatia kifo cha mtoto wao mwaka 1794. Mama huyo alifariki mwaka 1807. Matunda ya Carey yanasimuliwa kila mahali, na sidharau hata moja, lakini siwezi tena kuyasikia bila kumfikiria Dorothy. Kwa upande mwingine yuko Robertson McQuilkin wa Marekani, aliyeacha ukuu wa chuo cha Biblia mwaka 1990 ili amtunze mkewe Muriel, mgonjwa wa Alzheimer, maradhi yanayofuta kumbukumbu, akamtunza hadi alipofariki mwaka 2003. Ninamheshimu mno, ila siwapi wachungaji mfano wake kama sheria. Wapo ambao wakijiuzulu watapoteza mshahara na nyumba kwa siku moja, na bima ya matibabu pamoja navyo, na hapo mgonjwa ndiye atakayelipa gharama ya ushujaa wa mwenzi wake.

Kwa hiyo mchungaji akija kwangu, swali langu la kwanza ni kama amekwisha kumuuliza mgonjwa. Mara nyingi hajamuuliza. Amemwombea, amemhurumia, amekisia. Mgonjwa ana haki ya kusema ni saa zipi anahitaji mwenzi wake awepo, na pia ni habari zipi za mwili wake zitangazwe. Ugonjwa wa mke wa mchungaji si mali ya usharika, hata pale usharika unapofunga na kuomba kwa ajili yake, wala haufai kuwa kielelezo cha mahubiri kabla yeye mwenyewe hajakubali.

Kisha nenda kwa wazee, na makubaliano yawekwe kwa maandishi. Usiwaambie tu kwamba nyumbani kuna matatizo, kwa sababu watakuitikia kwa huruma na Jumamosi watakupigia simu kama kawaida. Orodhesheni pamoja ni kazi zipi utabaki nazo, nani atachukua zilizobaki, na ni tarehe gani mtakaa kuangalia upya. Watu hupenda kunukuu kwamba mshika mawili moja humponyoka, lakini mchungaji anayeuguza hashiki mawili. Anashika ishirini, na mengi kati ya hayo yangeweza kushikwa na mwinjilisti, shemasi au mzee wa kanisa. Katika Matendo 6 mitume hawakuona haya kukabidhi huduma ya kila siku kwa watu 7, tena wao hatuambiwi kwamba walikuwa na mgonjwa nyumbani. Mimi nilibaki na mahubiri ya Jumapili na ushauri wa wanandoa. Mazishi yalikwenda kwa mwinjilisti wetu, ambaye, nilikuja kutambua, alikuwa na utulivu mbele ya wafiwa ambao mimi sijawahi kuwa nao.

Siku nilipomweleza mke wangu mpango huo, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba, Alhamisi usinisomee Zaburi. Nisomee mahubiri, nikwambie pale yanapochosha." Tangu hapo mahubiri yangu yaliandikwa kando ya mashine, naye akiyakata kwa mkono ule ambao haukuwa na sindano.