Uzito kurudi baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: maana yake hasa ni nini?

Mtu amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Amepungua mwezi baada ya mwezi hadi kufikia kiwango chake cha chini kabisa, kisha mizani ikasimama, na baadaye ikaanza kupanda. Hali hiyo ndiyo inayoitwa uzito kurudi. Kwa maneno matupu ni jambo rahisi kueleza. Ugumu unaanza ukiuliza: umerudi kiasi gani, ukihesabu kutoka wapi?

Hata madaktari wa fani hii hawana kipimo kimoja wanachokubaliana wote. Wengine huhesabu kilo zilizoongezeka tangu ule uzito wa chini kabisa. Wengine hutazama ni asilimia ngapi ya kilo zilizopotea zimerudi. Wapo pia wasiojali sana mizani, wao huuliza kama kisukari au presha iliyokuwa imetulia imeanza kusumbua tena. Kwa hiyo mgonjwa mmoja anaweza kuonekana ameshindwa kwa kipimo hiki na akaonekana anaendelea vizuri kwa kile.

Chukua mtu aliyeanza na kilo 140, akashuka hadi 90, na miaka mitano baadaye ana kilo 100. Ukimpima kutoka 90, ameongezeka kilo 10, yaani sehemu moja ya tano ya zile alizopoteza imerudi. Ukimpima kutoka 140, bado amepungua kilo 40, karibu asilimia 29 ya uzito wake wa mwanzo. Hesabu zote mbili ni sahihi. Kwangu mimi ya pili ndiyo ya haki zaidi, kwa sababu magoti, moyo na sukari ya damu yake vinafaidika na zile kilo 40 ambazo hazipo. Bahati mbaya, mgonjwa mwenyewe huishi na hesabu ya kwanza. Anakumbuka nguo iliyomtosha siku ile alipokuwa na kilo 90, na kila kilo inayoongezeka juu ya hapo anaiona kama aibu.

Ili kuelewa kwa nini uzito hurudi, inabidi kwanza kuelewa kwa nini hushuka, na hapo wengi hukosea. Aina mbili za upasuaji ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Katika ya kwanza, mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu, takriban asilimia 75 hadi 80 yake ikaondolewa, na kubaki mfuko mwembamba wenye umbo la mrija. Ya pili ni baipasi. Daktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, akakiunga na utumbo mwembamba kwa mbele, ili chakula kisipite kwenye sehemu kubwa ya mfuko wala mwanzo wa utumbo. Msingi wa baipasi uliwekwa na Edward Mason na Chikashi Ito katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, miaka ya 1960. Kulikuwa pia na pete ya kukaza mfuko wa chakula, iliyovuma kwa muda. Siku hizi imepungua sana, moja ya sababu ikiwa ni kwamba wengi waliishia kurudi hospitali kuitoa.

Ukisikiliza maelezo hayo utadhani siri yote ni udogo wa mfuko: nafasi imepungua, chakula kimepungua, mtu kapungua. Hiyo ni sehemu tu ya ukweli. Mfuko wa chakula na utumbo ni viungo vinavyozungumza na ubongo kwa njia ya homoni. Grelini, homoni ya kuchochea njaa iliyotambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, hutengenezwa zaidi sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na sehemu hiyo ndiyo inayoondolewa katika upasuaji wa aina ya kwanza. Chakula kinapofika utumboni haraka kuliko zamani, homoni za kushibisha kama GLP-1 na PYY hupanda sana baada ya mlo. Ndiyo maana wagonjwa wengi husema miezi ya mwanzo hawakuwa wanajizuia kula. Hamu yenyewe ilikuwa imeondoka.

Linganisha na anayepungua kwa kujinyima. Kwake grelini hupanda, homoni za kushibisha hushuka, na hali hiyo inaweza kuendelea mwaka mzima na zaidi baada ya kilo kupotea. Mwili wake unamvuta kurudi alikotoka. Upasuaji unapunguza nguvu ya mvuto huo, na hilo ndilo linaloutofautisha na mlo wa kujinyima. Unaupunguza, lakini hauumalizi.

Mwili hauna habari kwamba kupungua ni jambo jema. Kwake, kilo nyingi zinapoondoka ni dalili ya njaa, na una njia za kujihami. Mwili mdogo huhitaji nishati kidogo kuliko mkubwa, hilo halikwepeki. Lakini mara nyingi matumizi ya nishati hushuka hata kuliko ambavyo ungetarajia kwa mwili wa ukubwa huo. Washiriki 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito nchini Marekani, waliopungua kwa mlo na mazoezi makali, walipimwa miaka sita baadaye. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kwamba wakiwa wamepumzika, miili yao bado ilichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Hao hawakufanyiwa upasuaji, kwa hiyo namba hiyo isihamishiwe kwa waliofanyiwa. Inachoonyesha ni kwamba mwili hausahau upesi uzito wake wa zamani.

Kwa waliofanyiwa upasuaji, uzito hufika chini kabisa kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na miwili. Baada ya hapo njaa hurudi taratibu, mfuko hukubali chakula zaidi kidogo, na mizani hupanda kidogo. Takwimu za muda mrefu zinaonyesha mwendo huo waziwazi. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulifuatilia watu 4,047, karibu nusu yao wakiwa wamefanyiwa upasuaji. Waliofanyiwa baipasi walipungua asilimia 32 ya uzito wao walipofika chini kabisa, na baada ya miaka kumi walikuwa bado wamepungua asilimia 25. Waliowekewa pete walitoka asilimia 20 hadi 14. Wale ambao hawakufanyiwa upasuaji walibaki karibu palepale miaka yote. Na kundi la upasuaji lilikuwa na vifo vichache zaidi, ingawa kilo kadhaa zilikuwa zimewarudia.

Utafiti mwingine, wa Utah nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuatilia waliofanyiwa baipasi kwa miaka 12. Kwa wastani walikuwa wamepungua kilo 45 mwaka wa pili, kilo 36 mwaka wa sita, na kilo 35 mwaka wa kumi na mbili. Tazama vizuri hizo namba. Karibu kilo zote zilizorudi zilirudi kabla ya mwaka wa sita. Kuanzia hapo wastani ulitulia. Anayeongezeka kilo chache mwaka wa tatu huona kama ndio mwanzo wa kurudi mpaka mwisho. Kwa wengi sivyo inavyokwenda, japo wastani huficha watu: wapo waliorudisha karibu zote, na wapo ambao hawakurudisha chochote.

Kwa hiyo kuna kurudi kwa uzito ambako ni sehemu ya kawaida ya upasuaji, na kuna kule kunakohitaji kuchunguzwa. Kunakohitaji kuchunguzwa ni pale kilo zinapoendelea kupanda mwaka hadi mwaka bila kutulia, au zinapoanza kurudi mapema, au zinaporudi pamoja na kisukari na presha.

Sababu hapo huwa zimechanganyika. Kuna zile za mwili: kifuko cha baipasi kinaweza kupanuka, au pale kilipoungwa na utumbo, na mara chache hutokea tundu linalounganisha kifuko kidogo na ile sehemu ya mfuko iliyotengwa, chakula kikapata njia ya zamani. Hayo huonekana kwa kipimo cha kamera au picha. Kuna dawa zinazoongeza uzito, zikiwemo baadhi ya dawa za sonona, za kifafa, steroidi na insulini. Kuna kukosa usingizi, msongo wa mawazo, kukoma hedhi, jeraha linalomzuia mtu kutembea.

Na kuna kula. Ila wengi hawarudi kwenye masahani makubwa, hata wakitaka hawawezi. Kinachowaangusha zaidi ni kudokoadokoa: biskuti mbili hapa, karanga kidogo pale, kutwa nzima, bila mlo unaoweza kuuita mlo. Mfuko mdogo huzuia wingi wa mara moja. Hauzuii kidogo kidogo cha kutwa. Vinywaji vitamu ni hivyo hivyo. Soda, juisi na maziwa yenye sukari hupita haraka bila kushibisha, na aiskrimu ikishayeyuka hufanya kazi ileile. Pombe ina hatari yake ya ziada, hasa kwa baipasi, kwa sababu huingia kwenye damu haraka na kwa kiwango cha juu zaidi, na utafiti umeonyesha kuwa tatizo la ulevi huongezeka kuanzia mwaka wa pili baada ya upasuaji. Jambo hilo lingestahili kuzungumzwa kabla ya kisu, na mara nyingi halizungumzwi vya kutosha.

Kudumisha uzito, basi, ni kazi ya aina nyingine kabisa na kupungua. Miezi ya kwanza upasuaji unakufanyia kazi. Baadaye unakusaidia tu. Wataalamu wa lishe husisitiza protini ianze kwenye kila mlo, gramu 60 hadi 80 kwa siku kwa kawaida, kwa sababu inashibisha na inalinda misuli. Misuli hiyo ndiyo inayochoma nishati, kwa hiyo mazoezi ya kunyanyua vitu vizito au ya kutumia uzito wa mwili yana thamani sawa na kutembea. Kutembea peke yake si haba, lakini dakika 150 kwa wiki mara nyingi ni kiwango cha chini tu kwa anayetaka kuzuia kilo zisirudi. Kujipima mara kwa mara nako kunasaidia, mradi mizani isigeuke kuwa adhabu. Ni rahisi kushughulikia kilo tatu kuliko kumi na tano.

Sehemu ambayo watu huiacha mapema kuliko zote ni kliniki. Mgonjwa akiona kilo zimeongezeka, huona haya kukutana na daktari wake, basi haendi, na akiacha kwenda anaacha pia vipimo vya damu. Hapa hatari si uzito tena. Baada ya upasuaji huu, vitamini na madini huhitajika maisha yote: B12, madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na vinginevyo. B12 ikipungua kwa muda mrefu huleta upungufu wa damu na ganzi miguuni, na uharibifu wa neva unaweza usirekebishike. Mtu anayetapika mfululizo kwa siku kadhaa anaweza kuishiwa vitamini B1, na hiyo ni dharura, kwani ubongo unaweza kuumia. Mwili kuwa mnene hakumaanishi una vitamini za kutosha. Mgonjwa anaweza kuwa ameongezeka kilo 20 na bado damu yake ikawa na upungufu mkubwa wa vitamini.

Kwa ambaye uzito umemrudia sana, zipo njia nyingine. Upasuaji wa pili unawezekana, kama vile kugeuza ule mfuko mwembamba kuwa baipasi, hasa mgonjwa akiwa na kiungulia kikali pia. Lakini upasuaji wa marudio una hatari kubwa kuliko ule wa kwanza na faida yake kwa kawaida ni ndogo. Njia ambayo imebadilisha mambo miaka ya karibuni ni dawa zinazoiga homoni zilezile za kushibisha. Semaglutide iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya uzito mwaka 2021 na tirzepatide mwaka 2023, na madaktari wengi sasa huzitumia kwa waliorudisha uzito baada ya upasuaji. Nazo zina sharti lake. Watu waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutide walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Anayeanza dawa hizo baada ya upasuaji aulize mapema atazitumia kwa muda gani, nani atamfuatilia, na vipimo vyake vya vitamini vitafanyika lini, kwa sababu hamu ya kula ikishuka tena, kile kidogo alichokuwa anakula kinazidi kupungua.